Sentimita 25 za Kaub: uchambuzi wa ukame wa mto Rhine, 2018

Tarehe 22 Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub, mji mdogo ulio ukingoni mwa mto Rhine nchini Ujerumani, kilisoma sentimita 25. Namba ndogo kiasi hicho haikuwahi kuonekana hapo. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa sentimita 35, ya mwaka 2003. Picha zikasambaa duniani: changarawe imeanikwa juani, watu wanakiendea kwa miguu kisiwa cha Mnara wa Panya karibu na Bingen, mabomu ya Vita Kuu ya Pili yanachomoza kwenye matope. Aliyeisoma namba hiyo akiwa mbali alidhani mto mkubwa wa Ulaya Magharibi umebaki na maji ya kufika magotini.

Haikuwa hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayokifungua kisa kizima.

Namba ya kipimo si kina cha mto. Sifuri ya kipimo iliwekwa zamani kwenye kiwango cha kuchagua tu, haikuwekwa kwenye sakafu ya mto. Hesabu inayotumika ni hii: Kaub ikisoma sentimita 78, njia ya meli ina kina cha mita 1.90. Hiyo 78 nayo haikuokotwa njiani, ni kiwango ambacho kwa wastani maji hushuka chini yake siku 20 hivi tu kwa mwaka. Basi anayetaka kina halisi anachukua namba ya siku na kuongeza 112. Siku ile ya Oktoba, 25 na 112 ni sentimita 137. Mtu mzima akisimama katikati ya njia ya meli, maji yangemfika kifuani.

Sasa tuweke meli juu ya maji hayo. Meli ya mizigo ya kawaida ya Rhine ina urefu wa mita 110 na upana wa mita 11.4. Ikijaa huzama kama mita 3.5 na kubeba karibu tani 3,000, shehena ambayo barabarani ingetaka malori zaidi ya mia moja. Ikiwa tupu bado huzama kama mita 1.2, hasa upande wa tezi ambako kuna injini. Kwa ukubwa huo, kila sentimita moja ya kuzama ni kama tani 11 za mzigo. Nahodha naye hawezi kukitumia kina chote. Lazima abakize sentimita 20 au 30 chini ya mkuku, kwa sababu meli ikikimbia juu ya maji machache huketi: maji yanayopenya kwa kasi kati ya tumbo lake na sakafu ya mto hupoteza msukumo, na chombo kinashuka chenyewe. Ukiongeza mwendo kinashuka zaidi.

Piga hesabu kwa kubakiza sentimita 25. Kaub ikisoma 150, meli yetu inapita na tani karibu 1,300. Ikisoma 78, tani 500. Ikisoma 40, tani 80 hivi, mzigo wa malori matatu ndani ya chombo cha mita 110. Ikisoma 25, meli hiyo haipiti hata tupu. Kila chombo kina hesabu yake, na vyombo bapa vilivyojengwa vyepesi viliendelea kupita siku zile, lakini mwelekeo ndio huo. Kati ya 150 na 25 hakuna siku mto ulipokauka. Kila asubuhi kulikuwa na maji, na kila asubuhi yalibeba kidogo kuliko jana.

Kwa nini Kaub, na si mahali pengine katika kilomita zaidi ya 1,200 za mto huu?

Rhine una sura mbili kwa mtu wa meli. Kutoka Basel hadi Iffezheim umefungwa kwa mabwawa, na meli hupanda na kushuka kupitia malango kumi ya maji. Chini ya Iffezheim hakuna lango hata moja mpaka baharini, mto unakwenda huru. Mito inayoungana nao si hivyo: Mosel, Main na Neckar yote ina mabwawa na malango yanayoyashikilia maji hata mvua ikikosekana. Hata Danube, mrefu kuliko Rhine, una mabwawa makubwa kama lile la Milango ya Chuma, kati ya Serbia na Romania, lililokamilika 1972. Rhine ya katikati haina wa kuyazuia maji yake. Yanayokuja ndiyo yanayopita.

Kisha kuna mwamba. Kati ya Bingen na St. Goar mto umejichimbia njia ndani ya milima ya mawe. Kwenye sehemu nyingine za Rhine sakafu ni changarawe na mchanga, na mashine za kuchimba hupita mara kwa mara kusawazisha. Hapa ni jiwe. Waprusia walilipua mwamba wa Bingen miaka ya 1830 ili kupanua upenyo wa meli, na kazi kubwa nyingine ikafanywa hapo miaka ya 1960 na 1970. Hata baada ya yote hayo, kipande hiki kimebaki na mita 1.90 zake, wakati sehemu ya chini, kutoka Koblenz kwenda Köln na Duisburg, ina mita 2.50 na zaidi kwa maji ya kiwango hicho hicho.

Matokeo yake ni makali. Meli inayopakia Rotterdam, bandari ya Uholanzi karibu na mdomo wa mto, kwenda Ludwigshafen, Mannheim, Karlsruhe, Strasbourg au Basel inaweza kuelea vizuri kwa mamia ya kilomita, lakini mzigo wake unapangwa na kipande kifupi cha mwamba. Ndiyo maana Kaub, mji ambao watalii huujua kwa ngome ya Pfalzgrafenstein iliyosimama katikati ya maji, umekuwa namba inayofuatiliwa na wauza mafuta, viwanda vya kemikali na mabenki.

Kuna ugumu mwingine ambao hauonekani kwenye picha. Meli inapakiwa leo Rotterdam, inafika Kaub baada ya siku kadhaa za kupanda mto. Maji ya leo hayamfai nahodha, anahitaji maji ya siku atakayofika. Akipakia kwa kutegemea 60 akakuta 45, amezidisha tani kama 165, na lazima azihamishie chombo kingine njiani au atie nanga asubiri. Akiogopa akapakia kidogo mno, anampotezea mwenye mzigo nafasi ambayo bei yake imepanda. Mwaka ule mipango yote hii ilitegemea utabiri wa siku chache tu mbele.

Na hata akikisia vizuri, bado kuna kupita kwenyewe. Bonde hili lina kona kali, na penye jabali la Loreley, lenye urefu wa mita 132, mto unabanwa sana. Kwa kawaida anayeshuka ndiye asiyeweza kusimama, maana mkondo unamsukuma kutoka nyuma. Kwa hiyo kanuni ya Rhine inamtaka anayepanda ampe nafasi anayeshuka na aamue wapishane upande gani. Akitaka wapishane kulia kwa kulia anaonyesha ubao wa buluu wenye taa nyeupe inayopepesa, na anayeshuka anajibu kwa ubao wake. Kati ya Oberwesel na St. Goar kona ni kali kiasi kwamba kuna taa za pekee ukingoni, zinazoendeshwa kutoka kituo cha Oberwesel, kumweleza anayepanda ni chombo cha namna gani kinamjia kutoka nyuma ya mlima. Tangu Desemba 2014 kila meli kubwa ya Rhine lazima pia iwe na chombo cha kujitangaza kwa redio na ramani ya kielektroniki. Sharti hilo lilikuwa bado halijaanza, lakini taa za ukingoni zilikuwapo na hazikuzuia ajali ya Januari 2011, meli iliyobeba tani 2,400 za asidi ya salfa ilipopinduka karibu na Loreley, watu wawili wakafa, na mto ukazibwa au kubanwa kwa wiki kadhaa.

Ukame unaongeza hatari hii kwa njia ambayo mtu wa nchi kavu hatarajii. Ungedhani maji yakipungua meli zitapungua. Kwa muda mrefu ni kinyume: kila meli ikibeba theluthi ya mzigo, kiwanda kinahitaji meli tatu badala ya moja. Msongamano unaongezeka wakati njia yenyewe imesinyaa.

Tukirudi nyuma kidogo, mwaka 2018 ulianza kwa gharika. Tarehe 8 Januari kipimo cha Köln kilisoma mita 8.78, na meli zikazuiwa kwa sababu pale Köln safari husimamishwa maji yakifika mita 8.30. Tarehe 23 Oktoba, kipimo kile kile kilisoma mita 0.69. Zaidi ya mita nane za tofauti ndani ya miezi isiyotimia kumi.

Rhine hunyweshwa mara mbili. Kiangazi unapata theluji inayoyeyuka Alpi, ikipitia Ziwa Konstanz ambalo hulilainisha gharika lake na kuuachilia mtiririko polepole. Majira ya baridi unapata mvua kupitia Neckar, Main na Mosel. Kati ya vipindi hivyo viwili, yaani vuli, ndiko mto huwa dhaifu kwa asili. Mwaka 2018 Ulaya ya kati ilikosa mvua tangu masika, joto likawa kali, na vuli ikafika bila mvua ya kuuokoa. Mto ukakaa chini ya kiwango cha 78 pale Kaub kwa zaidi ya siku 100, badala ya zile 20 za wastani.

Na sasa jambo ambalo naona ndilo kiini cha kisa hiki: hakuna aliyeufunga mto. Gharika hufunga Rhine kwa amri, ukame haufungi. Mkataba wa Mannheim wa 1868, unaosimamiwa na Kamisheni Kuu ya Usafiri wa Rhine yenye makao yake Strasbourg, unahakikisha uhuru wa kusafiri bila ushuru wa kupita. Hakuna ofisa anayemwambia nahodha asipite kwa sababu maji ni machache. Mamlaka inatangaza kina, mengine ni dhamana yake. Kwa hiyo kusimama kwa Rhine mwaka 2018 hakukuwa tukio moja. Yalikuwa maelfu ya maamuzi ya upakiaji, kila nahodha na penseli yake, yote yakitegemea kipimo kimoja.

Uhuru huo una historia inayotugusa. Ulianzia Mkutano wa Vienna wa 1815, ambao ndio uliozaa Kamisheni, na kanuni zake ndizo mataifa ya Ulaya yalizozitaja Berlin mwaka 1885 yalipoandika kwamba mto Kongo uwe huru kwa meli za mataifa yote. Berlin wakaahidi hata kamisheni ya kimataifa ya Kongo, kwa mfano wa zile za Ulaya. Ya Rhine ipo mpaka leo na inatoa vyeti vinavyotambulika. Ya Kongo haikuwahi kufanya kazi. Watu wa Kisangani na Kindu wanajua wenyewe walichopata badala yake.

Turudi Ludwigshafen. Hapo pana kiwanda kikuu cha BASF, kampuni kubwa ya kemikali, na asilimia 40 hivi ya malighafi zake hufika kwa meli. Vuli ile meli zilifika nusu tupu, kisha robo. Treni na malori hayakuwa na nafasi ya kuziba pengo. Meli moja kwa malori mia, na madereva wa malori wenyewe walikuwa haba Ujerumani nzima. Mwishoni mwa Novemba kampuni ilisimamisha uzalishaji wa TDI, kemikali ya kutengenezea magodoro ya sponji. Hasara yote ya maji machache mwaka ule BASF iliikadiria kuwa euro milioni 250 hivi. Huko Duisburg, mbali chini ya Kaub, kampuni ya chuma ya thyssenkrupp nayo ilitangaza kwamba imeshindwa kutimiza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Serikali ya Ujerumani ikafungua sehemu ya akiba ya dharura ya petroli, dizeli na mafuta ya ndege, kwa sababu vituo vya kusini na magharibi vilikuwa vinakauka. Uswisi, isiyo na bahari na inayopata sehemu kubwa ya mafuta yake kupitia bandari za Basel, ikafanya hivyo hivyo.

Tazama hilo la mafuta. Mafuta hayakukosekana Rotterdam. Yalikuwapo kwenye matangi, na bado dereva wa kusini mwa Ujerumani alilipa zaidi kuliko mwenzake wa kaskazini. Alichokuwa akilipia ni zile sentimita za Kaub.

Mwaka ulipofungwa, mizigo iliyosafirishwa kwenye mito na mifereji ya Ujerumani ilikuwa karibu tani milioni 198, pungufu kwa asilimia 11 hivi kuliko 2017. Uchumi wa nchi ulirudi nyuma kidogo katika robo ya tatu ya mwaka, na wanauchumi wakabishana ni kiasi gani cha lawama kiende kwa mto na kiasi gani kwa viwanda vya magari vilivyokuwa vikihangaika na vipimo vipya vya moshi. Watafiti wa taasisi ya uchumi ya Kiel walikuja na kadirio ambalo limetajwa sana baadaye: mwezi wenye siku 30 za maji chini ya 78 pale Kaub hupunguza uzalishaji wa viwanda vya Ujerumani kwa asilimia 1 hivi. Asilimia moja inasikika ndogo hadi ukumbuke inazungumziwa nchi gani.

Mwanzoni mwa Desemba mvua ilinyesha na mto ukapanda. Ndipo ukaanza mjadala wa nini kifanyike.

Jibu la kwanza ni kuchonga mwamba. Mpango wa miundombinu wa Ujerumani wa mwaka 2016 tayari ulikuwa na mradi wa kuongeza kina kwenye kipande hiki kutoka mita 1.90 hadi 2.10. Julai 2019, pale Mainz, serikali na wakubwa wa viwanda walikubaliana mpango wa hatua nane, na mradi huo ulikuwa ndani yake. Kwa hesabu yetu ya awali, sentimita 20 ni tani 220 kwa kila safari. Kaub ikisoma 78, hiyo inaongeza mzigo kwa zaidi ya theluthi. Ni faida kubwa na inarudi kila mwaka. Lakini ipeleke tarehe 22 Oktoba: meli yetu ingetoka kwenye kutopita hadi kupita na tani 130. Kiwanda cha ukubwa wa BASF hakiendeshwi kwa tani 130. Kwa maoni yangu mradi huu unauzwa vibaya, kama dawa ya majanga, wakati ni dawa nzuri ya miaka ya kawaida iliyo mibaya kidogo. Tena mwamba ule ndio unaoyashikilia maji ya juu yake; ukichonga bila kujenga kuta za kuongoza mkondo, unaushusha mto wote wa nyuma. Bonde lenyewe ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2002, na kila jiwe lina mtetezi. Agosti 2022 ukame uliporudi na Kaub ikashuka tena hadi thelathini na kitu, kazi ya kuchonga ilikuwa bado haijaanza.

Jibu la pili ni la bei nafuu na limefika haraka zaidi: utabiri. Tangu 2022 taasisi ya serikali ya elimu ya maji huko Koblenz inachapisha utabiri wa wiki sita mbele kwa vipimo vya Rhine. Hauna uhakika wa utabiri wa siku nne, lakini meneja wa ghala anaweza kuona Agosti kwamba Septemba itakuwa mbaya na kujaza matangi mapema.

La tatu ni kubadilisha meli. BASF ilishirikiana na wataalamu wa Duisburg kubuni chombo cha mita 135 kwa 17.5, Stolt Ludwigshafen, kilichozinduliwa 2023. Upana huo mkubwa unautandaza uzito juu ya maji, na mota tatu za umeme zinagawana kazi ambayo kwenye meli za zamani hufanywa na rafadha moja kubwa inayotaka maji mengi. Kaub ikisoma 30, chombo hicho kinatarajiwa kupita na tani 800, siku ambayo meli yetu ya mita 110 imefungwa gatini. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kuusubiri mto na kuukubali.

Hata hivyo ni chombo kimoja, na kuna sababu ya kutotarajia vingi haraka. Meli nyingi za Rhine ni za familia, hasa za Kiholanzi, na chombo cha chuma kwenye maji baridi hudumu miongo mingi. Tena mikataba mingi ya kontena ina nyongeza ya maji machache inayoanza Kaub ikishuka chini ya 150 na kupanda kadiri namba inavyoshuka, na nje ya mikataba bei huamuliwa na soko. Mwaka 2018 meli zilikuwa haba, bei kwa tani ikaruka, na mwenye meli aliyebeba theluthi ya mzigo hakupata theluthi ya pesa. Wengi walipata zaidi ya mwaka wa kawaida. Aliyeumia ni kiwanda, na kiwanda ndicho kilichotaka meli mpya. Mwenye meli ya zamani hana haraka.